Manjano Juu ya Chokaa

Bombay, 9 Agosti 1937

Dada Khirod,

Nainama mpaka chini, nagusa miguu yako na miguu ya shangazi Mokshada. Natumaini mgongo wa shangazi umepoa, ng'ombe Budhi anatoa maziwa, na mpera nilioupanda haujaliwa na mbuzi wa jirani. Mimi ni mzima. Tena mzima ni neno dogo.

Kaa chini kabla hujaendelea kusoma. Umeshakaa? Haya. Dada, tangu wafalme waliotujengea mahekalu hapo Bishnupur mpaka leo, hajazaliwa mtu mwenye bahati kama mdogo wako Nimai. Wamenifanya mkemia mkuu wa kiwanda! Ndiyo, mimi yule yule niliyetolewa darasa la saba kwa kumuuliza mwalimu kama chumvi ina wazazi. Kumbe inao, Dada! Tindikali na alkali zikioana, mtoto wao ndiye chumvi, na maji ni ya kunawa baada ya harusi. Mwalimu angetulia akanijibu, leo angekuwa anajisifu kuwa alinifundisha.

Nimepewa nyumba yenye veranda, na maabara yenye meza ndefu kama ya karamu, imejaa chupa za shingo ndefu na za shingo fupi, nyingine zimepinda kama bata anayejikuna. Nina msaidizi pia, Mparsi mmoja aitwaye Behramji. Mtu mzuri, mtiifu, ila kichwani ni wa polepole kidogo. Namvumilia.

Na kwa kuwa unawafundisha binti za mtaani kusoma, wapelekee hii. Dunia yote imegawanyika vyumba viwili. Cha kwanza kinaitwa kemia isokaboni. Humo mna mawe, metali, chumvi, tindikali ya salfa tunayoipika hapa, na chokaa ya tambuu ya shangazi. Vitu vikavu, havina mama wala machozi. Chumba cha pili ni kemia kaboni: sukari, mafuta, manukato, manjano, hariri, mimi na wewe. Ukitaka kujua kitu ni cha chumba kipi, kichome. Kikigeuka cheusi na kunuka, hicho ni ndugu yetu.

Siku ya alama, ya dada kumpaka ndugu yake msandali pajini, sitaweza kuja. Kiwanda bila mimi ni kama wali bila moto. Utanisamehe.

Mdogo wako mwenye cheo,
Nimai


Bishnupur, 2 Septemba 1937

Nimu,

Baraka zangu ziwe juu yako. Nilikaa kama ulivyoamuru, na nilipomaliza kusoma nikainuka mbio kwa sababu wali ulikuwa unaungua. Ulipogeuka mweusi na kunuka, nikajua una kaboni.

Mgongo wa shangazi bado. Mvua imeangusha upande mmoja wa zizi. Nimewasomea wasichana barua yako, na Bina, binti wa yule mfumaji hariri, amekuuliza swali: kama sukari na mkaa vyote ni vya chumba kimoja, mbona kimoja ni kitamu na kingine kinachafua meno? Nimemwambia mkemia mkuu atajibu.

Shangazi anauliza utakuja lini. Budhi amepunguza maziwa tangu ulipoondoka, nadhani naye anauliza. Mpera umezaa mara mbili na matunda yameoza chini, kwa hiyo nao unauliza. Mimi siulizi. Mimi najua kazi ni kazi.

Ila nikukumbushe, maana huko mbali mtu husahau. Tangu uondoke, kila mwaka siku hiyo nachovya kidole changu kidogo cha kushoto kwenye msandali uliosagwa, na badala ya paji la uso wako naupaka ukuta. Nauambia ukuta yale maneno ya kumzibia Mauti mlango asimfikie ndugu yangu. Ukuta ni msikivu. Hauinui kidevu, haucheki, wala hauibi vidonge vya nazi kabla maneno hayajaisha. Mwaka huu pia nitaupaka. Nimeuzoea.

Dada yako,
Khirodbala


Bombay, 4 Oktoba 1937

Dada,

Miguu yako naigusa, na ya shangazi.

Mwambie Bina ameuliza swali ambalo hata Behramji lilimfanya avue miwani. Mkaa ni kaboni iliyobaki peke yake. Sukari ni kaboni iliyopata wenzake, haidrojeni na oksijeni, wakashikana mikono. Tofauti ni hiyo tu. Kaboni ikikaa na wenzake ni tamu, ikiachwa peke yake ni mkaa. Mimi nimeona watu wa hivyo pia.

Mzungu mwenye kiwanda aliniambia juzi, "Nimai, ukisafiri wewe, tindikali itagoma kuchemka." Nikamwambia, "Sahib, usilie." Kwa hiyo unaona hali ilivyo.

Lakini nikuambie kitu kidogo. Sokoni hapa nilinunua mafuta ya msandali ili nisikie ile harufu ya asubuhi unaposaga juu ya jiwe. Behramji aliyanusa akasema, "Umeuziwa mafuta ya taa na maneno matamu." Basi nimeyaweka tu kwenye dirisha la nyumba yangu. Yanapendeza kwa rangi.

Nipakie ukuta vizuri. Ukiinua kidevu, ukaripie.

Nimai


Bishnupur, 7 Novemba 1937

Nimu,

Baraka zangu. Leo sina habari za ng'ombe.

Niambie tu kwamba u mzima. Nimeshaandika hilo, sasa nakueleza kwa nini.

Kabla ya usiku wa mungu wa kike Kali tulipaka nyumba yote chokaa mpya. Siku ya alama nikachukua msandali, na kipande kilikuwa kimebaki kidogo kama kucha, kikanitosha robo tu. Nikaongeza manjano mabichi ili rojo ijae kidoleni. Nikasema maneno. Nikaupaka ukuta. Nilipoinua kidole, Nimu, alama ilikuwa nyekundu. Si ya njano, si ya msandali. Nyekundu kama kidonda, na ilizidi kukolea mbele ya macho yangu.

Shangazi alidondosha sahani ya vidonge vya nazi. "Khirod! Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu, shangazi. Nimepaka kama kila mwaka."

"Nyekundu tangu lini ikatoka mkononi mwa mjane? Umemwaga damu ya ndugu yako ukutani!"

Akapiga yowe, majirani wakajaa uani. Unajua jinsi wanavyonitazama tangu mume wangu afe na nirudi hapa na sari nyeupe ya mjane asiyevaa tena nyekundu. Rangi nyekundu imeniacha mimi, na sasa wanasema imekufuata wewe. Mmoja akasema, "Mlango wa Mauti hakuuziba, ameufungua." Mama wawili wamewatoa binti zao kwenye darasa langu. Bina bado anakuja, anapitia nyuma ya zizi.

Mimi siamini mambo haya. Hata hivyo nimeifunika alama kwa kalenda, na kila nikipita naifunua.

Niandikie mara upatapo hii.

Dada yako


Bishnupur, 12 Desemba 1937

Nimu,

Mtu wa posta anapita, anatikisa kichwa kabla sijamuuliza.

Shangazi ameacha kunilaumu. Hilo ndilo linalonitisha.

Andika hata neno moja. Hata tusi.

Khirod


Bombay, 20 Januari 1938

Dada Khirod,

Nagusa miguu yako, na ya shangazi, na kama Budhi atakubali na yake minne.

Mzima! Mzima kama tembo wa maharaja, nakula, nanenepa, natembea barabarani watu wananipisha. Nilichelewa kwa sababu ya kazi: kiwanda kimepata oda kubwa, nikasafiri huku na huku. Mwandiko usikushangaze, nimenunua kalamu mpya ya kigeni, bado hatujazoeana.

Sasa nisikilize, na umuite shangazi asikilize pia. Nilipoisoma barua yako nilicheka mpaka nikaumwa mbavu. Enyi watu wa Bishnupur, mmeniua kwa manjano!

Dada, nikuulize. Ulipoanguka kwenye ngazi za bwawa ukateguka kifundo, ulipakwa nini? Mimi nilipoanguka kwenye mpera ule? Baba alipoteguka kiuno? Shangazi alichukua manjano, akachanganya na chokaa ya tambuu yake mwenyewe, akapasha moto, akatupaka. Na ilikuwa rangi gani? Nyekundu! Maisha yetu yote tumetembea na miguu myekundu mtaa mzima, na hakuna aliyelia. Leo manjano na chokaa vimekutana ukutani badala ya kwenye kifundo cha mguu, mnaanza matanga.

Ni kemia ya siku ya kwanza. Manjano yana rangi inayoonja. Yakionja kitu kichachu, yaani tindikali, yanabaki ya njano, yamestarehe. Yakionja alkali kama chokaa, magadi au sabuni, yanageuka mekundu. Chumba cha kaboni kimegusana na chumba kisicho na kaboni, basi, hakuna damu ya mtu. Kata limau. Likamulie juu ya alama. Chokaa itatoa povu kidogo, kisha utaona.

Fanya mbele yao wote. Nawe ujifanye unajua tangu zamani.

Nimai, mkemia


Bishnupur, 16 Februari 1938

Nimu,

Baraka, na zaidi ya baraka.

Niliwaita wote. Waliokuja kuona damu mwezi wa Novemba walikuja pia kuona limau, maana hakuna anayekosa tamasha. Nikaondoa kalenda. Nikamwambia Bina akamue. Povu likatoka, na nyekundu ikarudi nyuma polepole kama mtu aliyeambiwa amekosea nyumba. Ikawa njano.

Kisha Bina akamgeukia shangazi: "Bibi, dawa yako ya kifundo ni rangi gani?"

Shangazi akatazama ncha ya kidole chake chenye chokaa ya tambuu. "Nyekundu," akasema. "Lakini ile ni dawa!"

Watu walicheka mpaka shangazi akacheka. Wale mama wawili wamerudisha binti zao, na mmoja ameleta mabinti wa dada yake. Sasa darasa zima linapaka manjano kila kitu: sabuni, majivu, maziwa ya mgando, hata pembe ya Budhi.

Basi ukuta umepona.

Sasa wewe. Nimezikagua herufi zako. Zinalalia kushoto, na wino umeburutwa, kama mkono unapita juu ya maneno ambayo haujamaliza kuyaandika. Bina anaandika hivyo. Bina anatumia mkono wa kushoto. Kalamu ya kigeni haimfanyi mtu kuwa wa kushoto.

Na kitu kingine. Uliandika mzima, ukaeleza manjano kurasa mbili. Mimi sikuuliza manjano.

Mara zote nimekuandikia kwamba shangazi anauliza utakuja lini, mara ng'ombe, mara mti. Si wao. Shangazi husahau jina lako siku nyingine, na Budhi ni ng'ombe. Ni mimi ninayeuliza.

Khirod


Bombay, 21 Machi 1938

Dada,

Naigusa miguu yako.

Umekuwa polisi tangu lini? Mkono una uvimbe kidogo, umepumzishwa kwa amri ya daktari wa kiwanda, ambaye ananipenda. Mkemia mkuu hatakiwi kuchosha vidole. Utapona.

Nitakuja. Si sasa. Hapa kuna joto na oda. Wape wasichana maziwa na limau, waone yanavyokatika, na hiyo pia ni kemia.

Nilipokea vidonge vya nazi ulivyomtuma mtu wa hariri aniletee. Nilimpiga Behramji mkono alipotaka kimoja. Vilikuwa na harufu ya jikoni kwetu, ule moshi wa kinyesi kikavu cha ng'ombe. Nilivila nikiwa nimegeukia ukuta.

Nimai


Bishnupur, 18 Aprili 1938

Nimu,

Mtu wa hariri, baba yake Bina, amerudi. Nilimuuliza nyumba yako ina veranda ya aina gani. Akasema hakufika nyumbani kwako, ulimpokelea kifurushi kituoni. Nikamuuliza umenenepa kiasi gani. Akasema ulikuwa umejifunga shali kichwani mpaka machoni, kwenye joto la Bombay, na ulisimama upande wenye kivuli. Nikamuuliza tena, akaenda kunywa maji na hakurudi barazani.

Mwezi ujao anakuja huko tena na mkewe kununua uzi. Nitafuatana nao. Shangazi amepiga kelele, kisha amenipa blanketi lake la safari. Nitaleta msandali. Nimenunua kipande kipya, kikubwa. Siku ya alama si hiyo, najua, lakini nimechoka kumpaka mtu asiye na macho. Nitakupaka huko huko, iwe mbele ya mzungu wako, iwe mbele ya Behramji.

Niandikie tu jina la mtaa wenye nyumba yako.

Dada yako


Bombay, 3 Mei 1938

Dada Khirod,

Usipande treni.

Ukifika kiwandani ukaulizia nyumba ya mkemia mkuu, watu watacheka. Si wabaya, ni wachangamfu tu. Nyumba haipo. Nalala na wapagazi wenzangu chumba kimoja nyuma ya kinu cha pamba, na dirisha lenye chupa ya mafuta ni la sote.

Behramji ndiye mkemia. Mimi nilikuwa namsogezea mitungi ya tindikali, ile ya kioo inayovikwa kapu, na jioni napiga deki maabara wakati anawafundisha vijana wake. Vyumba viwili vya dunia, harusi ya chumvi, kaboni iliyoachwa peke yake, vyote ni vyake. Aliponiona nasimama na ufagio kusikiliza, hakunifukuza. Alianza kusema kwa sauti kubwa zaidi. Swali la Bina nilimpelekea kama langu.

Sasa lile unalotaka. Siku za sikukuu ya Durga, wakati nyinyi mnapiga ngoma, sisi tulikuwa tunapakia lori. Kapu la mtungi mmoja lilikuwa limeoza chini, na mtungi ukapita begani kwangu. Behramji alinikamata shingoni kama paka, akaniweka chini ya bomba, na hakuniacha hata nilipomtukana mama yake. Ndiyo maana niko hai. Jicho la kulia limefunga duka. Vidole vya mkono wa kulia vimeshikana. Macho yote mawili yalifungwa kitambaa, kwa hiyo barua zako zilipofika nililala nazo chini ya mto bila kuzisoma, nazishika tu kingo nikikisia umeandika nini kuhusu ng'ombe. Walipofungua jicho la kushoto, kitu cha kwanza nilichokisoma duniani kilikuwa, "Niambie tu kwamba u mzima." Ningejibu nini, Dada? Nikajifunza herufi upya kwa mkono wa kushoto, nikakuambia mzima.

Ukuta wako haukutabiri kitu. Ulipogeuka mwekundu mimi nilikuwa nimeshalala hospitali siku nyingi. Limau lilisema kweli, Behramji alisema kweli, na mkono wako hauna kosa. Hilo wasomee majirani kwa sauti.

Kilichonizuia kuja si oda. Ni paji la uso. Tindikali ilipita hapo kwanza. Ngozi imejikunja na kung'aa kama karatasi iliyookolewa motoni. Kila nikilala nakuona umenyoosha kidole chako kidogo chenye msandali, kisha kidole kinasimama hewani, hakijui pa kutua. Hilo tu sikuweza. Mengine yote nimeyazoea, hata watoto wanaokimbia.

Lakini umenunua msandali mkubwa, na blanketi la shangazi limeshatolewa sandukuni. Basi lirudishe. Nitakuja mimi, pamoja na baba yake Bina, atakaporudi na uzi wake. Nipake popote utakapopata nafasi, hata shavuni, hata sikioni. Sitainua kidevu. Vidonge vya nazi vifiche mbali, mkono wa kushoto umekuwa mwizi hodari. Na mwambie shangazi asije akanipaka manjano na chokaa yake, nitakuwa mwekundu na mtaa mzima utalia upya.

Na ile bahati ya mwezi wa Agosti, niliyokuambia ukae chini ndipo uisome: ilikuwa uongo, Dada. Wote.

Nimai